Ndege ndogo ya zamani inaposumbua: fuata dalili kabla ya kununua kipuri

Cessna 150, Cessna 172 na Piper Cherokee nyingi zilizo mikononi mwa watu binafsi zilitoka kiwandani miaka ya 1960 na 1970. Injini zake ni rahisi, nyaya zake si nyingi, na karibu kila ugonjwa wake umeshawahi kumpata mtu mwingine. Kinachomaliza pesa za mwenye ndege mara nyingi ni kubahatisha. Ananunua plagi mpya, kisha magneto (kifaa kinachozalisha cheche za plagi; injini huwa nazo mbili), kisha anapeleka kabureta kufanyiwa ukarabati, na injini bado inamisi kwa sababu gasketi ya bomba la hewa ilikuwa imepasuka tangu siku ya kwanza.

Kazi ambazo mmiliki anaruhusiwa kufanya kwa mikono yake hutegemea mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi ambako ndege imesajiliwa. Kufungua silinda au magneto ni kazi ya fundi mwenye leseni. Kusikiliza, kupima na kuandika ni kazi yako, na fundi anayepewa maelezo mazuri hufika kwenye tatizo haraka zaidi kuliko yule anayeambiwa tu "injini haiko sawa". Na popote namba zilizo hapa zinapotofautiana na kitabu cha ndege yako, kitabu ndicho kinachofuatwa.

Injini inamisi au inatetemeka

Swali la kwanza ni: lini? Ikiwa baridi au moto, kwenye mwendo wa chini au nguvu kubwa, kwenye magneto zote au moja? Majibu hayo peke yake huondoa nusu ya washukiwa.

*Asubuhi tu, dakika ya kwanza, kisha inatulia.* Hii ndiyo dalili ambayo watu huizoea, na ndiyo inayopaswa kukufanya usiruke siku hiyo. Kwenye injini za Lycoming, mara nyingi ni vali ya kutolea moshi inayokwama. Masalia ya kaboni na risasi (madini ya “lead” yaliyomo kwenye petroli ya ndege) hujijenga kwenye mguu wa vali hadi nafasi kati yake na gaidi (“valve guide”, bomba fupi ambamo mguu huo hupita) inakwisha. Injini ikiwaka baridi, vali inabaki wazi na silinda moja haifanyi kazi. Ikipata joto kidogo inaachia, na rubani anasema imepona. Siku itakapokwama angani inaweza kupinda fimbo inayoisukuma, na hapo nguvu ya silinda nzima imeondoka.

Lycoming wana waraka wa huduma namba 388 unaoeleza jinsi ya kupima mchezo wa vali ndani ya gaidi. Dawa yake si lazima kung'oa silinda. Fundi huingiza kamba safi kupitia tundu la plagi, huzungusha propela polepole mpaka pistoni iibane kamba dhidi ya vali, kisha hutoa springi. Kamba ikitolewa, vali husukumwa ndani ya silinda, gaidi husafishwa kwa kifaa chake cha kukwangua, na vali huvutwa kurudi mahali pake. Ni kazi ya subira, ila ni nafuu mno ukilinganisha na silinda mpya.

*Kwenye magneto moja tu.* Kwenye ukaguzi kabla ya kuruka, vitabu vingi vya ndege hizi vinaruhusu RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) zishuke hadi kikomo cha kati ya 125 na 175 kwa magneto moja, na tofauti kati ya magneto mbili isizidi 50 au 75, kutegemea kitabu. Lakini usiangalie namba tu. RPM zikishuka sana huku injini ikiunguruma laini, fikiria mchanganyiko uliojaa petroli au taimingi iliyosogea. Zikishuka huku injini ikitetemeka, kuna plagi isiyochoma.

Mara nyingi plagi hiyo ni ya chini, imezibwa na vijiwe vya risasi. Petroli ya 100LL, ile ya buluu ya ndege ndogo, inaweza kuwa na risasi hadi gramu 0.56 kwa lita. Injini kama Continental O-200 na O-300 zilibuniwa kwa petroli ya 80/87, ambayo kikomo chake kilikuwa gramu 0.14. Maana yake injini hizo zinalishwa risasi hadi mara nne ya ile zilizotengenezewa. Weka injini kwenye RPM 2000 hivi, punguza petroli kwa mkono wa mchanganyiko mpaka injini ianze kulalamika kidogo, iache hapo kama dakika moja huku ukitazama joto, kisha jaribu tena. Ikipona, tatizo ni namna unavyoendesha ndege ikiwa ardhini: punguza petroli mara tu injini inapotulia, na punguza kweli kweli, kiasi kwamba ukisahau na kusukuma nguvu injini itazimika yenyewe kabla hujafika popote.

Isipopona, tafuta silinda baridi. Endesha injini kwenye magneto mbovu kwa muda mfupi, zima, kisha pima mabomba ya moshi kwa kipimajoto cha miale. Bomba lililo baridi kuliko mengine limekuonyesha silinda. Ndege yenye kipimo cha joto la moshi kwa kila silinda hukuambia hata bila kufungua kava: ukibaki kwenye magneto moja, joto la moshi hupanda kwenye silinda zote, na ile inayoshuka ndiyo yenye plagi iliyokufa. Kama kuna kifaa kimoja cha kisasa ambacho ningefunga kwenye ndege ya zamani kabla ya skrini yoyote ya rangi, ni hicho.

Plagi ikitolewa, pima ukinzani wake kwa multimita kabla ya kuisafisha. Ikizidi ohm 5000, itupe hata kama inang'aa. Ikiwa nzuri, ihamishie silinda nyingine. Tatizo likihama nayo, ni plagi. Likibaki palepale, ni waya au magneto.

*RPM hazishuki kabisa.* Hapa watu hufurahi, na hawapaswi. Swichi ya magneto hufanya kazi kwa kuunganisha magneto na ethi (mwili wa ndege) kwa waya. Waya huo ukikatika, magneto haizimiki, hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Propela inayoguswa na mtu anayeipangusa inaweza kuwasha injini. Ndege ya namna hiyo haisogezwi kwa kushika propela, na watu wote waambiwe mpaka fundi amalize. Jaribio la sekunde moja linatosha kuligundua mapema: kabla ya kuzima mwisho wa safari, injini ikiwa kwenye mwendo wa chini kabisa, zungusha ufunguo hadi alama ya kuzima kisha urudishe mara moja. Injini inapaswa kuanza kufa. Isipoanza kufa, umeshajua.

*Kwenye mwendo wa chini tu, ukiongeza nguvu inatulia.* Hewa inaingia mahali isipotakiwa. Mvuto ndani ya bomba la hewa huwa mkubwa zaidi injini ikiwa mwendo wa chini, ndiyo maana tundu dogo linaonekana hapo na kupotea ukisukuma nguvu. Angalia gasketi na mipira ya maungio ya mabomba ya hewa kwenye kila silinda. 100LL ina rangi ya buluu, na doa la buluu kwenye ungio ni ushahidi tosha. Kama moshi ni mweusi na plagi zina masizi, tatizo ni kinyume: petroli imezidi. Kabla ya kumlaumu kabureta, hakikisha pampu ya mkono ya kuwashia imesukumwa ndani na kufungwa. Isipofungwa, au mipira yake ikichoka, injini inaendelea kunyonya petroli kupitia humo.

Mchanganyiko wa mwendo wa chini hupimwa wakati wa kuzima. Ukivuta mkono wa mchanganyiko taratibu, RPM zinapaswa kupanda kwa 25 hadi 50 kabla injini haijakata. Zisipopanda, petroli ni haba. Zikipanda sana, imezidi.

*Angani, hujagusa kitu, RPM zinashuka polepole.* Barafu kwenye kabureta, mpaka ithibitike vinginevyo. Hatari ni kubwa zaidi joto la hewa likiwa chini ya nyuzi 21 na unyevu ukizidi asilimia 80, lakini inaweza kutokea hata kwenye nyuzi 38 ikiwa unyevu unafika asilimia 50. Vuta kitasa cha joto la kabureta, kinachoelekeza hewa ya moto huko, hadi mwisho, usivute nusu. Injini itanguruma vibaya zaidi kwa muda wakati barafu inayeyuka na kumezwa, na ndipo wengi wanapolirudisha kwa hofu. Vumilia. Na kama ukivuta joto la kabureta ardhini RPM hazishuki hata kidogo, basi kebo imeachia au mlango wa ndani umevunjika, na utakapolihitaji halitakuja.

Inagoma kuwaka

Tenganisha mambo mawili: stata inazunguka kwa uvivu, au inazunguka vizuri lakini injini haishiki.

Uvivu wa stata mara nyingi si stata wala betri. Ni kutu kwenye maungio ya kebo. Weka multimita kwenye volti, waya mmoja kwenye nguzo chanya ya betri, mwingine kwenye nguzo ya stata, kisha mtu wa kiti cha rubani ajaribu kuwasha huku mchanganyiko ukiwa umekatwa. Wewe na waya za mita mbali kabisa na duara la propela. Volti unazosoma ndizo zinazopotea njiani. Pima kipande kwa kipande: betri hadi swichi kubwa, swichi hadi swichi ya stata, hapo hadi stata. Nusu volti kwenye kipande kimoja ni nyingi. Kisha pima upande wa ethi, kutoka kwenye mwili wa injini hadi nguzo hasi. Upande huo husahaulika, na utepe wa ethi uliojaa oili unaweza kula umeme kuliko kebo yote ya mbele.

Cherokee za zamani zilifungwa kebo za alumini kutoka kwenye betri, na ncha zake huliwa na kutu ndani ya kichwa cha kebo mahali usipoona. Kebo za shaba zilizoidhinishwa kwa ndege hizo zipo, na ni uboreshaji ambao utausikia siku hiyohiyo. Stata nyepesi ya kisasa iliyofungwa kwenye kebo mbovu itazunguka kwa uvivu vilevile.

Kama stata inazunguka vizuri na injini haishiki, shuku kifaa cha springi ndani ya magneto kinachochelewesha cheche wakati wa kuwasha. Kikifanya kazi hutoa mlio wa "tak" kila kinapoachia. Kukisikiliza kwa kuzungusha propela ni kazi ya fundi, plagi zikiwa zimetolewa. Kama umenusa petroli, injini imezama: fungua nguvu yote, kata mchanganyiko, zungusha, na uwe tayari kurudisha mikono yote miwili ikishika.

Sindano ya ampea inacheza

Sindano inaruka kulia na kushoto, taa zinapumua nayo. Mwenye ndege ananunua regyuleta (kidhibiti cha volti za alteneta), inatulia wiki moja, inaanza tena.

Kinachotokea ni hiki. Kwenye ndege nyingi za aina hii regyuleta inasoma volti za mfumo kupitia waya uleule unaolisha koili ya alteneta. Waya huo unapita kwenye sakiti breka, kwenye nusu ya swichi kubwa iliyoandikwa ALT, na kwenye viungio kadhaa vyenye umri wa miaka hamsini. Kila kiungio kinakula volti kidogo. Regyuleta inaona volti pungufu, inaongeza mkondo. Mkondo ukiongezeka, upotevu nao unabadilika. Regyuleta inakata, kisha inaongeza tena. Inawinda kitu ambacho hakipo.

Injini ikiwa imezimwa na swichi kubwa ikiwa imewashwa, pima tofauti ya volti kati ya reli ya umeme na sehemu ya kuingilia ya regyuleta. Inapaswa kuwa karibu na sifuri. Ukiona robo volti au zaidi, fuata kiungio kwa kiungio. Mara nyingi mkosaji ni swichi kubwa yenyewe, ambayo bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya alteneta. Mfumo wa volti 12 ukiwa mzima husoma karibu volti 14 injini ikienda. Chini ya 13, unaruka kwa betri.

Taa ya kutua ya zamani aina ya 4509 hula wati 100 na muda wake wa kuishi kwa makadirio ya kiwanda ni saa 25. Ya LED inakula kidogo sana na inadumu, kwa hiyo ibadilishe. Ila baada ya kuifunga, washa redio, fungua skwelchi (kizuia kelele cha redio), kisha washa na kuzima taa moja moja. LED duni hutoa kelele inayomeza masafa ya VHF, na ni heri kuigundua ukiwa umeegesha.

Oili

Oili iliyotapakaa tumboni mwa ndege mara nyingi imetoka kwenye bomba la kupumulia injini, kwa sababu mtu anajaza mpaka alama ya juu. Injini ya Lycoming O-320 ya kuingiza kwati 8 (kwati ni karibu lita moja) mara nyingi hutupa mbili za juu nje na kutulia kwenye 6. Jaza hapo inapotulia, ilimradi uko juu ya kiwango cha chini cha kitabu.

Oili iliyo mbele, kwenye kioo, ni habari nyingine: sili ya krenki shafti nyuma ya propela. Ya pembeni ni gasketi za kava za vali au mipira ya mabomba ya fimbo. Safisha injini yote, nyunyiza poda nyepesi, iendeshe dakika chache, kisha uone poda ilipolowa kwanza. Oili huvutwa nyuma na upepo, kwa hiyo doa kubwa kamwe si mahali pa kuanzia. Tafuta la mbele kabisa.

Lycoming ya nguvu farasi 150 inaruhusiwa kula hadi karibu nusu lita kwa saa. Mwelekeo una maana kuliko kiwango: injini iliyokula robo lita kwa saa kwa miaka mingi, ikaanza kula mara mbili ndani ya miezi miwili, inaeleza jambo.

Badilisha oili kila saa 50 kama kuna filta, kila saa 25 kama kuna chujio la wavu tu, na kwa vyovyote usipitishe miezi minne. Filta ikatwe ifunguliwe kila mara, karatasi isafishwe na sumaku ipitishwe. Vipande vinavyonaswa na sumaku mara nyingi vinatoka kwenye kemshafti na tapeti. Kwenye Lycoming kemshafti iko juu ya krenki shafti, hivyo ndege ikikaa oili inatiririka na kuiacha wazi kwa kutu. Kuwasha injini dakika kumi kila wiki bila kuruka hakuisaidii. Kunaongeza maji kwenye oili bila kufikisha joto la kuyachemsha. Ruka, au iache na uihifadhi kwa taratibu za kiwanda.

Mgandamizo umeshuka

Kipimo hufanywa kwa kuingiza hewa ya shinikizo la psi 80 ndani ya silinda na kusoma kinachobaki. Sitini ni mstari wa kawaida kwa Lycoming. Continental wana kifaa chao maalumu kinachoweka kikomo siku hiyo, na mara nyingi huwa chini ya hapo. Muhimu ni mahali hewa inapotorokea. Sikio kwenye ekzosi: vali ya moshi. Kwenye kabureta: vali ya hewa. Kwenye tundu la kujazia oili: ringi. Usikubali silinda itolewe kwa kipimo kimoja. Ruka saa moja, upime tena injini ikiwa moto. Kisha ingiza kamera ndogo kupitia tundu la plagi, utazame uso wa vali ya moshi. Mviringo wa rangi ukiwa sawa pande zote, imetulia. Rangi ikikimbilia ukingo mmoja, vali inavuja na kuungua hapo.

Kichwa kinauma ukiwasha hita

Zima hita, fungua hewa ya nje, tua. Hita ya ndege hizi huchukua hewa inayozunguka sailensa ya moshi, na ufa mmoja huleta kaboni monoksaidi ndani. Fundi husukuma hewa ndani ya ekzosi kwa shinikizo dogo na kupaka maji ya sabuni juu yake. Kadi ya kubandika inayobadilika rangi ni bora kuliko kutokuwa na kitu. Kigunduzi cha betri chenye mlio ni bora zaidi, kwa sababu aliyevuta gesi hii hana akili ya kutazama kadi.

Maji kwenye petroli, gurudumu la pua, breki

Maji yakionekana kila baada ya mvua, mifuniko ya tangi haizibi. Kwenye Cessna 182 za zamani zenye mifuko ya mpira ndani ya bawa, mikunjo ya mfuko huzuia maji yasifike kwenye tundu la kukaguliwa, kwa hiyo sampuli safi haitoshi mpaka mikunjo ikaguliwe.

Gurudumu la pua likitikisika kwenye mbio, pima tairi na mchezo wa bushi za viungo kabla ya kulaumu kizuia mtikisiko. Breki laini kama sponji ina hewa: isukume kutoka chini kwenda juu, kwa mafuta mekundu ya ndege. Mafuta ya breki za gari huharibu mipira yake.

Kabla ya skrini mpya

Fungua sakafu na paneli za nyuma kwanza. Cessna nyingi hazikupakwa rangi ya kinga kwa ndani. Cessna wana ukaguzi wa ziada kwa ndege zilizozeeka, na baadhi ya Cherokee zina agizo la 2020 la kukagua matundu ya bolti za mhimili mkuu wa bawa kwa mkondo wa umeme. Kutu au nyufa zikipatikana hapo, bajeti ya vyombo imeshapata matumizi.

Ikiwa mwili ni mzima, pampu ya vakyumu ndiyo ya kwanza kuondoka. Zile kavu zina mabawa ya kaboni yanayovunjika bila onyo, na zinachukua kiashiria cha mkao na jairo ya mwelekeo kwa pamoja. Vyombo vya kielektroniki kama Garmin G5 au AV-30 vina betri yake au vinaweza kuwekewa, na vimeidhinishwa kwa ndege nyingi za aina hii. Redio ya dharura inayotuma kwa masafa ya 121.5 MHz pekee nayo ibadilishwe iwe ya 406 MHz: satelaiti ziliacha kusikiliza 121.5 tarehe 1 Februari 2009.

Mwambie fundi atoe pampu, mabomba, filta, na nyaya zote zilizoachwa na redio zilizoondolewa zamani, nyuma ya dashibodi na chini ya viti. Kisha ndege ipandishwe kwenye mizani. Karatasi ya uzito iliyorekebishwa kwa kalamu tangu miaka ya 1970 haijui kuhusu rangi mbili zilizopakwa juu ya ile ya kwanza.